Mizinga Mitatu, Wachukuzi Sita

Jumanne, tarehe 11 Juni 2019, saa nne na robo asubuhi, fundi mwashi mstaafu aliyezoeleka kwa jina la Timazi alipima unene wa ukuta wa stoo ya dada yake, kwenye ukingo wa tundu linalotazama daraja, akapata sentimita tisini na mbili. Kipimo hicho ni sahihi. Kimerudiwa mara tatu kwa futi kamba mbili tofauti, na jibu limekuwa lilelile. Yanayofuata yametegemea vinywa vya watu wanne, barua mbili na ukurasa mmoja wa daftari. Pale vinywa hivyo vinapopishana, nitasema.

Timazi si jina alilopewa na wazazi wake. Timazi ni kile kipande cha shaba chenye ncha ambacho mwashi hukining'iniza kwa uzi ili ajue kama ukuta umesimama wima. Cha kwake hukaa kwenye mfuko wa shati, kazini, msibani na harusini, na kwa hiyo kila shati lake limelegea upande wa kushoto. Wenzake wa idara ya barabara walikuwa na msemo kwamba kitu pekee kilichopinda mbele ya fundi huyo ni nguo zake mwenyewe.

Alifanya kazi katika idara hiyo miaka thelathini na minane, akijenga kalavati na nguzo za madaraja. Kazi ilimpitisha mashambani kwa miguu kuliko mtu mwingine yeyote wa wilaya yake, na huko ndiko alikopata ujuzi ambao hakuna aliyemtuma kuutafuta. Akiwa fundi kijana, aliamriwa kuvunja tangi la maji la zamani kando ya njia ili kifusi chake kijaze mashimo. Alipiga nyundo siku tatu. Siku ya tatu jioni tangi lilikuwa na mkwaruzo, naye alikuwa na malengelenge. Alikaa chini, akalitazama vizuri kwa mara ya kwanza, ndipo akajiuliza: tangi gani hili lisilo na bomba la kuingizia maji wala la kutolea?

Halikuwa tangi. Lilikuwa kibanda cha zege cha kujifichia askari, kilichojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili na kuvalishwa sura ya tangi ili atakayepita asikitilie shaka. Tangu siku hiyo Timazi hakuweza tena kupita jengo la upweke bila kulikagua. Aligundua ghala ambalo halikuwa na hata tundu moja la hewa, ambamo nafaka ingeoza kabla ya mwezi kuisha. Aligundua zizi ambalo mlango wake uliipa njia mgongo, na mbele ya mlango huo ukuta mwingine mfupi, kana kwamba ng'ombe walikuwa na siri. Kanuni yake aliieleza hivi:

"Dirisha la nyumba hupanuka ili mwenye nyumba aone. Dirisha la vita hubana ili mwenye nyumba asionekane. Ukishajua hilo, mengine ni kutembea tu."

Mwaka 2019 ofisi ya wilaya iliamua kuyaorodhesha majengo yote ya vita yaliyobaki mashambani. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa afisa wa ramani, mwanamke wa miaka ishirini na minane mwenye daftari, kamera na viatu visivyofaa. Kila alikouliza aliambiwa jambo moja: mtafute Timazi. Kwa wiki tatu walizunguka pamoja, na fundi akamwonyesha majengo kumi na moja. La kumi na mbili alilihifadhi kwa ajili ya mwisho, kama mwenyeji anavyochelewesha kuleta kile alichokiandaa vizuri zaidi. Lilikuwa stoo ya dada yake.

Dada yake ni mjane wa miaka sitini na minane, mshonaji wa sare za shule na mfuga nyuki. Kijijini anaitwa Dada Mkubwa hata na watu waliomzidi umri. Aliolewa katika nyumba hiyo na hajaihama. Nyumba ina vyumba viwili vya kulala, na ubavuni mwake, ikitazama mteremko unaoshuka hadi darajani, imeungana na jengo fupi la zamani lenye matundu matatu membamba. Hilo ndilo stoo. Humo mna cherehani yake, sufuria zake, vitambaa vyake, na juu, kwenye boriti, mizinga miwili ya magogo aliyoikuta humo alipoolewa, ambayo nyuki wake huingia na kutoka kwa kupitia matundu hayo. Watu wa kijiji huiita Nyumba ya Mizinga, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, kwa sababu nyuki wenyewe ndio jibu.

Hapa msomaji avumilie kidogo. Katika lugha yetu mzinga ni gogo lililochimbwa ndani ili nyuki wakae. Mzinga pia ni silaha kubwa itoayo moto. Hakuna herufi wala ngeli inayoitofautisha maana moja na nyingine. Wingi wa yote miwili ni mizinga. Msikilizaji huamua kwa kutazama yuko wapi: shambani au vitani. Shida huanza pale shamba lilipokuwa uwanja wa vita.

Timazi alipima ukingo wa tundu la kati, akasimama, akatoa hukumu mbele ya afisa.

"Watu husema Nyumba ya Mizinga kwa sababu ya nyuki. Wamekosea wote. Hii ilikuwa nyumba ya mizinga yenyewe, ile ya kupiga. Sentimita tisini na mbili! Nani anajenga hivyo kwa ajili ya asali?"

Afisa aliandika. Dada Mkubwa, aliyekuwa akitia uzi kwenye sindano, alisema neno moja ambalo wote watatu wanalikumbuka kwa namna moja, ingawa siku ile hakuna aliyelipa uzito.

"Mnene huko kwenye dirisha. Huku nyuma nilipigilia msumari wa sufuria ukatokea kwa kuku."

Fundi hakupima huku nyuma. Kinyozi hajinyoi, na mwashi, inaonekana, hapimi kwao.

Afisa alirudi mjini akafanya kile ambacho mtu makini hufanya: alitafuta maandishi. Katika jalada la wilaya alipata karatasi iliyopigwa taipu mwaka 1958, nakala ya kumbukumbu za bohari la jeshi za mwaka 1942. Mstari mmoja ulisomeka: "Mizinga 3. Kutoka kijijini. Kwenda jengo la daraja." Hapakuwa na mstari wowote uliosema mizinga hiyo iliondolewa.

Barua ilifika mwanzoni mwa Julai. Fundi anasema ilikuwa Alhamisi. Dada yake anasema Jumatano. Muhuri ni wa Jumatano, tarehe 3. Ilieleza kwamba kwa kuwa nyaraka zinaonyesha silaha nzito ziliwekwa katika jengo tajwa, na kwa kuwa hakuna kumbukumbu ya kuondolewa kwake wala kwa risasi zake, jengo pamoja na nyumba iliyoungana nalo ni hatari kwa maisha. Mkazi ahame ndani ya siku kumi na nne. Baada ya hapo kikosi cha mabomu kingevunja kuta na kufukua ardhi.

Dada Mkubwa aliikunja barua mara nne, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akatembea hadi kwa mdogo wake na kumkuta akinywa chai.

"Soma," alimwambia. "Si wewe msomi wa kuta?"

Fundi alisoma. Alisoma tena.

"Dada, hii ni hatua ya kawaida tu. Wanakuja, wanaangalia..."

"Ya kawaida kwa nani? Wiki mbili zijazo wewe kitanda chako kitakuwa wapi? Hapo ndani. Changu kitakuwa wapi?"

"Utakaa hapa kwetu."

"Nikae kwenu nikikutazama ukinywa chai?" Alivuta kiti lakini hakukaa. "Miaka thelathini na minne nimelala ubavuni mwa ukuta ule. Haujawahi hata kupiga chafya. Umekuja wewe na kamba yako, asubuhi moja tu, umeugeuza bomu."

"Nilisema ukweli, dada."

"Ukweli gani huo usioweza kungoja nife kwanza? Kitinda mimba wewe! Mama alisema, huyu ulimi utamponza. Hakusema utaniponza mimi."

Aliondoka bila kuaga. Kwa zaidi ya wiki moja iliyofuata hakumwita kwa jina wala "mdogo wangu". Alipolazimika kumtaja alisema "yule mwenye futi".

Ijumaa, tarehe 5, sajenti wa kikosi cha mabomu alikuja kufanya ukaguzi wa awali. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mashine ya kutambua chuma iliyofanana na ufagio. Aliipitisha juu ya sakafu ya stoo, nayo ikalia kuanzia mlangoni hadi ukutani, kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Sajenti aliizima, akaiwasha, akarudia. Ikalia vilevile.

"Mama," alisema kwa heshima, "hapa chini kuna chuma kingi. Nisikudanganye."

Dada Mkubwa alimgeukia mdogo wake. Fundi alikuwa amenyamaza. Anayemfahamu atakwambia kwamba fundi yule hunyamaza kwa sababu mbili tu: akiwa amelala, au akiwa na hatia.

Hatia yenyewe ilikuwa hii. Sakafu ile aliimwaga yeye, mwaka 1991, kwa ombi la shemeji yake, mume wa dada, ambaye sasa ni marehemu. Ilitakiwa iwekewe nondo ili zege lisipasuke. Nondo hazikutosha, mvua ilikuwa inakaribia, na shemeji alikuwa na haraka. Wawili hao walitazamana, kisha wakatazama kitu fulani cha chuma kilichokuwa kimeegemezwa uani, na baada ya saa moja kitu hicho kilikuwa kimelazwa chini ya zege. Dada Mkubwa aliambiwa sakafu ina nondo. Kwa miaka ishirini na minane haikupasuka, na Timazi alizipitia sakafu za mafundi wengine akizitia kasoro bila kigugumizi. Husemwa kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Aibu ya sakafu aijuaye ni fundi.

Kwa nini hakusema palepale? Nilimuuliza. Alijibu kwamba kukiri kungeeleza kilio cha mashine, lakini kusingethibitisha kwamba chini zaidi hamna mzinga. Kisha akaongeza: "Na niliona haya." Nadhani jibu la pili lilitangulia la kwanza.

Aliamua kwenda kuitafuta karatasi ambayo ile ya taipu ilitokana nayo. Jumanne, tarehe 9, alipanda basi la asubuhi hadi mjini, kwenye jengo la kuhifadhia nyaraka, ambako hakuwahi kuingia. Mlangoni aliambiwa aache mkoba na kalamu ya wino. Mtunza nyaraka, mzee mkavu mwenye koti la kijivu, aliutazama mfuko wa shati lake.

"Hicho nacho."

"Hiki ni timazi."

"Kina ncha. Chenye ncha hakiingii."

Fundi alikiweka mezani. Anasema muda wote aliokaa humo alijihisi ameinama upande mmoja.

Alieleza anachotaka. Mtunza nyaraka alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema, "Nakala ni mtoto wa kambo, bwana. Ukitaka kujua tabia, mtafute mama." Akashuka chini. Alirudi baada ya dakika arobaini na daftari pana la bohari, jalada lake limeliwa na mende pembeni, maandishi ya karani mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, herufi zimelala kama majani yaliyopitiwa na upepo.

Daftari lilikuwa na safu sita. Karatasi ya taipu ilikuwa na nne. Mtunza nyaraka aliziweka sambamba, akaonyesha kwa ncha ya penseli: mpiga taipu wa mwaka 1958 alikuwa na karatasi nyembamba, na alipofika ukingoni aliacha safu mbili za mwisho. Hakuficha kitu. Nafasi ilimwishia. Safu hizo mbili zilikuwa "Wachukuzi" na "Maelezo".

Fundi aliweka kidole juu ya mstari, bila kuugusa, akasoma kwa sauti ya chini. "Mizinga, tatu. Kutoka kijijini. Kwenda jengo la daraja. Wachukuzi, sita. Ipakwe lami."

"Wachukuzi sita kwa mizinga mitatu," alisema mtunza nyaraka. "Wawili wawili."

"Mzinga wa vita unabebwa na watu wangapi?"

"Mimi ni mtu wa karatasi, bwana. Sijui vyuma. Lakini soma mstari wa chini yake."

Mstari wa chini yake ulisema: "Sufuria kuu ya jikoni, moja. Wachukuzi, wanne."

Wawili hao walitazamana juu ya daftari. Fundi anasema alicheka, akanyamazishwa. Mtunza nyaraka anasema waliocheka ni wote, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake, kwa kuwa chumba kilikuwa kitupu. Kwa vyovyote vile, fundi aliondoka na picha ya ukurasa mzima, imepigwa muhuri, na timazi yake mfukoni.

Ijumaa, tarehe 12, siku tano kabla ya muda kuisha, afisa wa ramani na sajenti walikuja tena, safari hii kwa ombi la fundi. Dada Mkubwa alikuwa amekwisha kufunga sufuria zake kwa kamba. Cherehani ilikuwa mlangoni, imefunikwa shuka, kama mgonjwa anayesubiri gari.

Fundi alianza na ukuta. Alipima ukuta wa nyuma, safari hii mbele ya mashahidi: sentimita kumi na mbili, upana wa tofali moja. Akapima ubavuni: kumi na mbili. Akatoka nje, akapima upande wa mbele, hatua mbili kutoka kwenye tundu, kwa kutoboa kwa patasi: kumi na mbili. Unene wa tisini na mbili ulikuwa kwenye kingo za matundu peke yake. Kwingineko palikuwa na tofali za kawaida zilizopakwa plasta na kuchorwa mistari ili zionekane mawe makubwa.

"Ni kama mtu aliyevaa koti," alimwambia afisa, "na ndani ya koti hana shati, ana kola tu na mikono. Ningepima nyuma siku ile ningejua. Nilipima mahali palipotaka kupimwa."

"Msumari wangu," alisema Dada Mkubwa, bila kumwambia yeyote.

"Ndiyo, dada. Msumari wako."

Sajenti alikuna kidevu. "Sawa, kuta ni za kutisha tu. Lakini chuma kilicho chini?"

Hapo fundi alivua kofia. Wote wanakubaliana kwamba aliivua.

"Chini hakuna mzinga. Kuna kitanda."

"Kitanda cha nani?" aliuliza afisa.

"Cha shemeji. Kile cha chuma. Tulikilaza badala ya nondo."

Dada Mkubwa alikaa juu ya furushi la sufuria. "Kitanda cha harusi yangu? Kile chenye vifundo vya shaba?"

"Kile, dada."

"Marehemu aliniambia kimeibiwa!"

"Tulikubaliana aseme hivyo."

"Nililia mimi! Nilikwenda hadi kwa balozi wa nyumba kumi kushtaki! Nikamtuhumu fundi baiskeli wa watu, miaka mitatu sikumsalimu!" Alimgeukia sajenti. "Mwanangu, wewe una bomu lolote hapo kwenye gari? Dogo tu, la huyu."

Sajenti alijibu kwamba hakuwa nalo siku hiyo. Alichukua sururu, akavunja kipande cha sakafu karibu na mlango. Chini ya zege ilitokea springi, kisha fito ya chuma, kisha kifundo cha shaba, kimoja, kizima. Alifukua zaidi hadi kwenye udongo mwekundu usiowahi kuguswa, akaingiza mashine ndani ya shimo. Haikulia. Alihamia upande wa pili, akarudia. Haikulia.

Ilibaki mizinga. Afisa, ambaye kwa tabia hapendi mstari ubaki wazi, aliuliza ilikwenda wapi basi. Fundi aliwasomea ukurasa wa daftari: mitatu, kutoka kijijini, wachukuzi sita. Alidhani yalikuwa magogo ya kawaida, yaliyotiwa kwenye matundu ili yaonekane kwa mbali kuwa silaha, na kwamba yalikwisha kuwa kuni zamani.

"Na maelezo yanasemaje?" aliuliza afisa.

"Ipakwe lami."

Dada Mkubwa aliinua uso. Hakuwatazama wao. Alitazama juu, kwenye boriti.

"Lami," alisema polepole. "Nyie. Kila mwaka nikikwangua nta, kisu changu kinatoka cheusi. Nimesema ni masizi. Miaka yote hii nasema ni masizi."

Wote waliyafuata macho yake. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwenye tundu la kati, wakiruka katika njia ileile ambayo, kwa mujibu wa maandalizi ya mwaka 1942, moto ulipaswa kuonekana unatokea.

Dada Mkubwa alijifunika shuka la cherehani, akawasha tambara, akafukiza moshi. Kwa msaada wa mdogo wake, ambaye aling'atwa mara mbili na hakuthubutu kulalamika, aliuteremsha mzinga wa kwanza hadi mlangoni kwenye mwanga. Sajenti, mwenye miaka kumi na tisa ya kutegua mabomu, alikuwa tayari kwenye gari, vioo vimepandishwa.

Lilikuwa gogo la mti mgumu, limechimbwa kama mizinga yote ya nyuki ya eneo hilo. Lakini nje lilikuwa limepakwa lami, na upande wa mdomo, chini ya tabaka za nta, palikuwa na pete mbili zilizochorwa kwa rangi nyeupe, kama zile zinazozunguka mdomo wa bunduki kubwa. Dada Mkubwa aliukwangua wa pili hukohuko juu: lami ileile, pete zilezile. Karani hakukosea, wala kijiji hakikukosea. Jeshi lilikosa silaha ya kulinda daraja, likaomba mizinga kijijini, na kijiji kikatoa mizinga. Kilichowekwa kwenye matundu kilikuwa mzinga kwa aliyekitoa, na kilitakiwa kiwe mzinga kwa atakayekitazama kwa mbali.

"Mama!" sajenti aliita kupitia upenyo wa kioo. "Nimeuona! Ni mzinga!"

"Upi?"

"Yote miwili!"

Dada Mkubwa alianza kucheka. Alicheka huku ameshika mzinga, akaomba apokewe asije akauangusha, akakaa mlangoni karibu na shimo lenye kifundo cha kitanda chake, akacheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya shuka. Afisa anasema kwamba kuanzia hapo hakuweza kusema ni kicheko au ni kilio. Fundi anasema ni kicheko, kwa kuwa katikati yake alisikia akiitwa "mdogo wangu".

Sajenti alijaza fomu juu ya usukani. Sehemu ya matokeo aliandika sentensi mbili ambazo sasa zimo katika jalada la wilaya na zitakaa humo: "Mizinga miwili imekaguliwa. Ina asali."

Barua ya kufuta amri ya kuhama ina tarehe 15 Julai. Katika orodha ya afisa jengo la kumi na mbili limeandikwa kuwa ni ngome ya kuhadaa, pekee ya aina yake katika wilaya, na karatasi ya taipu imebandikwa kijikaratasi kinachoelekeza kwenye daftari mama. Sufuria zimerudi kwenye msumari wao. Mzinga umerudi kwenye boriti, na nyuki, baada ya siku mbili za kununa, wamerudi ndani yake.

Dada Mkubwa alitoa sharti moja, nalo lilikuwa sakafu. Timazi aliivunja yote, akaifukua, akaitandika nondo mpya huku dada yake akizihesabu moja moja, kwa sauti, mbele ya fundi baiskeli aliyealikwa maalumu na kuombwa radhi. Kitanda kilitoka vipande vipande. Vifundo vinne vya shaba vimesuguliwa na kupangwa kwenye dirisha la chumba cha kulala. Tangu wakati huo, fundi akipima nyumba yoyote huanza na ukuta wa nyuma.

Mambo matatu hayajulikani. Haijulikani nani aliichonga mizinga ile. Dada Mkubwa anaamini ni babu yao, aliyekuwa mchongaji, lakini daftari halikuandika jina na sijapata shahidi mwingine. Haijulikani kama kuna adui yeyote aliyewahi kulitazama jengo hilo kwa mbali akageuka. Na haijulikani mzinga wa tatu uko wapi.